Dondoo Muhimu: Kumwaga oili kwenye pikapu yenye kinga ya sampu

Bamba la chuma chini ya Hilux au Land Cruiser huokoa sampu kwenye mawe, lakini huchelewesha kazi ya kumwaga oili. Fanya hivi:

• Safisha kwanza. Sugua matope kwenye bolti kwa brashi ya waya, kisha pulizia mafuta ya kulegeza kutu, yote usiku wa kabla ya kazi.

• Usilale chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tu. Weka gari juu ya stendi imara, mahali tambarare, na uyazuie magurudumu kwa kabari.

• Shusha bamba taratibu. Ni zito. Toa bolti zote, bakiza mbili, kisha liegemeze bamba kwenye jeki ndogo kabla ya kuzitoa hizo mbili.

• Kama bamba lina tundu la kumwagia, pitisha kipande cha chupa ya plastiki kiwe mfereji, oili isitapakae juu ya bamba. Ukitoboa tundu mwenyewe, lainisha kingo na usiguse mikunjo inayolipa bamba nguvu.

• Kagua ndani ya bamba. Toa nyasi kavu. Zikigusa ekzosi zinaweza kuwaka. Tazama pia kama sampu inavuja.

• Paka grisi kwenye nyuzi za bolti. Zianze zote kwa mkono ndipo ukaze kwa spana. Safari ijayo zitatoka bila kukatika.

• Oili chafu iingie dumuni, isimwagwe ardhini. Mpelekee fundi anayeikusanya.