Mazoezi na Mlo: Mbona Mizani Haishuki?

Katika kliniki ya kisukari na shinikizo la damu swali hili hatulikosi: "Sista, nimetembea mwezi mzima, mbona mizani haishuki?" Wengi hukata tamaa hapo hapo. Huacha kutembea, na mlo nao hurudi kama zamani. Mwezi huu tujifunze jinsi mazoezi, nia na mlo vinavyotegemeana.

Tuanze na hesabu. Mtu mzima akitembea haraka kwa nusu saa hutumia kalori 150 hivi. Chupa moja ya soda ya kawaida, ya mililita 350, huwa na sukari ya vijiko vya chai vinane au tisa, nayo hurudisha karibu kalori zile zile. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Basi anayetembea asubuhi, kisha akajipongeza kwa soda na chapati mbili, amerudisha yote na kuongeza.

Kosa hili hutoka kwenye nia. Tukifanya mazoezi kama adhabu, tutadai malipo, na malipo ya karibu ni chakula. Tukitembea kwa sababu tunalala vizuri, tunapata nguvu na tunafurahi kuongea na jirani, hatudai malipo mengine.

Tena mizani haisemi yote. Msuli unaofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu, na faida hiyo huweza kuendelea hadi siku ya pili. Shinikizo la damu nalo hupungua kwa mazoezi ya kila mara, hata kama uzito haujashuka. Kwa hiyo anayeacha kutembea kwa sababu ya mizani anaacha dawa iliyokuwa inamsaidia.

Tufanye nini ili nia isichoke?

1. Tupange siku na saa. "Nitaanza mazoezi" ni maneno tu. "Jumatatu, Jumatano na Ijumaa saa 12 asubuhi nitatembea hadi shuleni na kurudi" ni mpango. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, yaani nusu saa kwa siku tano. Kulima na kuendesha baiskeli pia vinahesabiwa.

2. Tubadilishe jambo moja moja. Kwanza maji mahali pa soda. Likishazoeleka, tupime mafuta kwa kijiko badala ya kumimina kutoka kwenye dumu. Kisha tupange sahani: nusu mboga za majani, robo ugali au wali, robo maharage, samaki au nyama.

3. Tusimwache mgonjwa peke yake. Mama mwenye kisukari akipikiwa chungu chake huku wengine wakila vitumbua mbele yake, nia yake haitadumu. Chakula kinachomfaa yeye kinaifaa nyumba nzima. Na tusimcheke mtu kwa unene wake; aibu haijamsaidia mtu kupungua.

4. Tukikosa siku moja, tuendelee kesho. Siku moja haiharibu mwezi. Kuacha kabisa ndiko kunakoharibu.

Tahadhari. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari asifanye mazoezi na njaa, na abebe sukari au juisi. Akitetemeka, akitoka jasho jingi au akichanganyikiwa, apewe sukari mara moja. Avae viatu vinavyomtosha na akague nyayo zake kila jioni, kwani kidonda kidogo huweza kumletea hasara ya mguu. Mwenye maumivu ya kifua apumzike na afike hospitali bila kuchelewa. Wala mtu asiache dawa kwa sababu anajisikia nafuu. Kwanza amwone daktari.

Maswali ya kujadili nyumbani:

a) Ni kitu gani tunachojilipa baada ya kazi au mazoezi?

b) Chupa ya mafuta hutuchukua siku ngapi, nasi tuko wangapi?

c) Nani ndani ya nyumba hii anahitaji mwenzi wa kutembea naye, na tutaanza siku gani?