MOHAMED AMIN: KAMERA ILIYOFICHUA NJAA

Wahenga walisema, mficha uchi hazai. Katika somo letu la leo tumtazame Mkenya aliyekataa mambo yafichwe, marehemu Mohamed Amin, ambaye wengi walimwita Mo.

Maisha yake

Mo alizaliwa Agosti 29, 1943 mtaani Eastleigh, Nairobi, akakulia Tanganyika. Mwaka 1963, akiwa bado kijana mdogo, alianzisha kampuni ya picha, Camerapix, mjini Dar es Salaam. Januari 1964 alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar. Mwaka 1966 alifungwa huko huko Zanzibar karibu mwezi mzima, kisha akarudi Kenya. Je, aliacha kamera? Wapi! Tom Mboya alipopigwa risasi Nairobi Julai 5, 1969, Mo alifika mbio, na kazi ya siku hiyo ikampatia tuzo Uingereza.

Njaa ya Ethiopia

Mwaka 1984 watu walikuwa wakifa njaa kaskazini mwa Ethiopia, lakini serikali ya huko haikupenda waandishi wafike. Mo alibisha hodi maofisini kwa muda mrefu mpaka akapata ruhusa. Mwezi wa Oktoba aliingia Korem na Mekele pamoja na Michael Buerk wa BBC. Filamu yake ilionyeshwa Oktoba 23, na vituo zaidi ya 400 vya televisheni vikairusha. Dunia ikashtuka, michango ikamiminika, na Julai 13, 1985 likafanyika tamasha la Live Aid.

Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa akiwa kazini, akapoteza mkono wa kushoto. Alitiwa mkono wa bandia, akarudi kazini! Alifariki Novemba 23, 1996, ndege iliyotekwa nyara ilipoanguka baharini karibu na Komoro.

Sisi Wakamba je?

Mwaka huohuo wa 1984 njaa ilitupiga huku Kitui na Makueni. Wazee waliiita Nikw'a Ngwete, yaani nakufa nikiwa nazo. Susu, nyanya yangu, hunieleza kwamba pesa walikuwa nazo mkononi lakini dukani hapakuwa na unga, mpaka yakaja mahindi ya manjano. Nilipomuuliza kama kuna picha alicheka: "Kamera gani ilifika kwetu, mjukuu wangu?" Kwa hivyo njaa yao imebaki mdomoni tu. Siku susu atakapoondoka, itaondoka naye.

Wenzangu wengine darasani husema kumpiga picha mwenye njaa ni kumwaibisha. Neno hilo lina uzito. Kwa hivyo mwandishi aombe ruhusa, aulize jina, asikilize kwanza. Lakini kwa maoni yangu aibu si ya mwenye njaa, ni ya anayeificha.

Ukame wa 2020 hadi 2023 sisi wenyewe tuliuona. Tulichimba maji kwenye mchanga wa mto na kungoja foleni na mitungi. Nani ameyaandika? Wanachama wenzangu, kalamu tunazo. Tuanze na wazee wetu kabla jua halijatua.

Maswali

1. Mo alifanya nini kabla ya kuingia Korem? Hilo lamfunza nini mwandishi?
2. Eleza maana ya Nikw'a Ngwete.
3. Muulize mzee mmoja kijijini kwenu kuhusu njaa aliyoiona. Andika ukurasa mmoja.