Mtu Avimbapo Ghafula

Wasomaji wetu wa Karagwe na Kyerwa wawajua senene kuliko sisi, hivyo hatuna haja ya kueleza jinsi wakamatwavyo usiku penye mwanga wa taa, wala jinsi wanyonyolewavyo mabawa na miguu wakakaangwa. Twataka kusema habari ya jambo litokealo mara chache baada ya mlo kama huo, lakini litokeapo huweza kumwua mtu kwa muda mfupi, na pengine huacha uadui baina ya nyumba mbili kwa miaka mingi.

Tuchukue mfano. Watu sita wamekaribishwa kwa jirani, wakala senene katika sahani moja. Watano hawana neno. Wa sita, hata kabla ya kunawa mikono, aanza kujikuna viganja. Midomo yamvimba, sauti yakwaruza, aona kizunguzungu, aanguka. Hapo mmoja hunong'ona kwamba ametiliwa kitu, mwingine hutaja uchawi, na macho yote humgeukia mama aliyepika. Wengine huhangaika kutafuta maziwa wamnyweshe ili yaue sumu. Muda wapita katika maneno hayo, kumbe maradhi ya mtu yule yana jina, tena yana dawa.

Jina lake ni mzio, na wengi husema aleji. Maana yake ni hii. Mwili wa binadamu una askari wake ndani ya damu, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu vya maradhi. Katika watu wengine askari hao hukosea: hukiona kitu kisicho na madhara, kama yai, karanga, samaki au dawa, wakakidhania kuwa ni adui. Mara ya kwanza mtu haoni lolote, maana askari ndio kwanza wanajifunza sura ya adui huyo. Akija tena humshambulia kwa nguvu zote, na vita hivyo ndivyo vimwumizavyo mwenye mwili, wala si chakula chenyewe.

Jambo hili liliwashangaza hata wataalamu. Mwaka 1901 Wafaransa wawili, Charles Richet na Paul Portier, walisafiri katika meli ya mtawala wa Monaco wakichunguza sumu ya wanyama wa baharini. Baadaye waliwapa mbwa sumu hiyo kidogo kidogo, wakitumaini kwamba wataizoea. Mambo yakawa kinyume. Mbwa aliyestahimili mara ya kwanza, alipopewa tena kiasi kidogo baada ya wiki kadhaa, alikufa upesi. Walitangaza habari hiyo mwaka 1902, na mwaka 1913 Richet akapewa tuzo ya Nobel. Twaitaja habari hii kwa sababu neno lisemwalo kwanza katika kila msiba wa namna hii ni kwamba, "Lakini amekula chakula hiki tangu utoto wake!" Kula jana bila kudhurika si ushahidi kwamba leo hakiwezi kumdhuru.

Na kwa nini senene? Katika nyama ya senene imo protini inayofanana sana na ile iliyomo katika kamba na kaa wa pwani. Basi mtu ambaye kamba humvimbisha midomo yafaa ajihadhari na senene, na mwenye kuwashwa na senene ajihadhari na kamba akifika Dar es Salaam. Twajua kwamba mgeni kukataa chakula ni aibu katika nchi yetu. Hata hivyo mgeni asemaye kwamba chakula fulani humdhuru asilazimishwe kuonja hata kidogo kwa ajili ya heshima.

Sasa tueleze dalili, nasi twaomba walimu wazisome polepole. Mara nyingi huanza katika ngozi: muwasho wa viganja, nyayo na kichwa, kisha vivimbe vilivyoinuka kama mtu aliyeguswa na upupu. Vitabu vingi, kwa kuwa viliandikwa na watu weupe, husema ngozi huwa nyekundu. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani sana. Heri kupitisha kiganja juu ya mgongo na tumbo la mgonjwa, na vivimbe vitajulikana kwa kuguswa. Kope, midomo na ulimi huvimba. Kisha tazama pumzi. Sauti ikikwaruza, mate yakishindwa kumezwa, kifua kikibana na kutoa mluzi, jua kwamba njia ya hewa inafungwa. Tumbo nalo huweza kusokota, mtu akatapika au akaharisha. Mwisho ni damu kupungua nguvu: mapigo ya moyo huenda mbio lakini ni dhaifu, jasho la baridi hutoka, mtoto mdogo hulegea kama aliyesinzia.

Vivimbe peke yake, pasipo jambo jingine, si hatari ya mara moja, ingawa yafaa mtu huyo aangaliwe. Lakini dalili zikitokea ghafula katika sehemu mbili za mwili, kama ngozi na pumzi, au midomo na tumbo, hiyo ni hatari ya mauti. Tena wako wachache ambao ngozi yao haioneshi kitu; pumzi hufungwa tu, au huzimia mara baada ya kuumwa na nyuki au kupigwa sindano. Hao nao wasingojewe.

Wakuu wa vijiji huulizwa: tutajuaje kama si sumu? Chakula kilichoharibika kwa kawaida huwapata wengi waliokila, mara nyingi baada ya saa kadhaa, kwa kutapika, kuhara na pengine homa. Mzio humpata mmoja katikati ya wengi, mara nyingi katika dakika chache au kabla ya saa mbili, na huja na muwasho na uvimbe. Hatusemi kwamba mwenyekiti wa kijiji aweza kukata shauri hilo kwa macho yake. Hiyo ni kazi ya daktari. Twasema kwamba mgonjwa apelekwe kwanza, na maswali yangoje. Tena kumsingizia mtu uchawi ni kosa kwa Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928 na ingali katika sheria za Tanzania.

Nyuki nao wanahitaji neno lao, kwa kuwa ufugaji wa nyuki ni kazi ya wengi huku. Aliyeumwa mkono, mkono ukavimba na kuuma siku mbili, hana mzio wa hatari. Aliyeumwa mkono lakini akavimba uso, au akawashwa mwili mzima, huyo anao, na safari nyingine huenda ikawa mbaya zaidi. Aliyeshambuliwa na kundi zima ni habari nyingine, maana sumu yenyewe ni nyingi, naye apelekwe hospitali hata kama hana mzio. Miiba itolewe upesi kwa namna yoyote, kwa kukwangua au kwa kucha; kila dakika ukaapo mwilini huzidi kumimina sumu.

Dawa ya mzio mkali ni sindano ya adrenalini, ichomwayo katika msuli wa paja, upande wa nje. Imo katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Hufungua njia ya hewa na kurudisha nguvu ya damu, na huweza kurudiwa baada ya dakika tano kama mgonjwa hajapata nafuu. Vidonge kama Piriton hupunguza muwasho tu, haviokoi pumzi. Mtu asimeze kidonge akarudi kulala huku kifua kinambana. Maziwa hayasaidii, na kumnywesha mtu ambaye koo limevimba ni kumsonga.

Jinsi ya kumchukua mgonjwa ni jambo kubwa kuliko watu wadhanivyo. Alazwe chali, miguu iinuliwe. Kama pumzi inamshinda, aachwe akae huku miguu imenyoshwa; kama anatapika au amezimia, alazwe ubavu; mwenye mimba alazwe ubavu wa kushoto. Asisimamishwe wala asitembezwe, hata akisema anajisikia vyema, kwa kuwa damu huweza kuukimbia moyo akafa papo hapo. Siku hizi wagonjwa wengi wa vilima vyetu huwekwa juu ya pikipiki, wamebanwa wima kati ya dereva na ndugu. Kwa ugonjwa huu machela ya wazee ilikuwa bora. Ikiwezekana litafutwe gari ambalo mtu aweza kulala, naye apelekwe kituo kilicho karibu zaidi. Asipitishwe zahanati ili kwenda moja kwa moja Nyakahanga au Isingiro, kama zahanati hiyo inayo sindano. Yafaa viongozi waulize mapema kama inayo, kabla haijahitajiwa.

Dawa za hospitali zenyewe huweza kuleta mzio, hasa penisilini na dawa za jamii ya salfa kama Septrin. Kwa hiyo mtu akichomwa sindano asiondoke upesi, angoje robo saa karibu na mganga. Na kama baada ya siku chache za kumeza vidonge ngozi inaanza kuchubuka, au vidonda vinatoka mdomoni na machoni, aache dawa hiyo na kurudi hospitali siku ile ile.

Mgonjwa aliyepata nafuu asiharakishwe kurudi nyumbani, kwa sababu dalili huweza kurudi baada ya saa kadhaa bila kula kitu kingine. Kabla ya kuondoka aombe jina la kitu kilichomdhuru liandikwe katika daftari lake la matibabu. Akiwa mtoto, mzazi ampelekee mwalimu wake jina hilo, limeandikwa kwa herufi kubwa.