Somo la Gereji: Kutafuta Hitilafu ya Umeme wa Plagi za Hita



Wenzetu wanaofanya kazi nyanda za juu wanalijua jambo hili vizuri kuliko walio kandokando ya ziwa. Saa kumi na moja alfajiri gari la dizeli linaweza kugoma kana kwamba halijawahi kuwaka tangu lilipoundwa. Abiria wamekwisha kupanda, utingo amekwisha kupokea nauli, na dereva anapiga stata mpaka betri inaanza kulegea. Katika somo hili tutazungumzia sababu moja ya mgomo huo, yaani umeme wa plagi za hita. Tumeichagua kwa kuwa ni hitilafu inayotafutwa vibaya kuliko nyingi, na gharama ya kuitafuta vibaya mara nyingi humwangukia mfanyakazi.

Tuanze na kisa. Dereva mmoja mwenzetu alihamishwa na mwajiri wake kutoka Jinja kwenda Kabale, pamoja na Hiace ya dizeli aliyokuwa akiiendesha. Jinja gari lilikuwa likiwaka kila siku, kwa kusuasua, lakini liliwaka. Kabale iko juu zaidi ya mita 1,800, na alfajiri yake ni ya kuvaa koti. Asubuhi ya pili gari likakataa. Dereva akawa anapiga stata muda mrefu kila siku, na siku ya tano stata ikaungua. Fundi aliyeitwa akatia stata nyingine, akafungua plagi zote nne za hita na kutia mpya. Kesho yake gari likakataa tena. Mwisho wa mwezi dereva akakuta mshahara wake umekatwa bei ya stata na bei ya plagi nne, kwa maelezo kwamba aliharibu mali kwa uzembe. Hapo ndipo alipokuja kwenye tawi, nasi tukaenda na mita.

Kabla hatujasema tulichokikuta, ni lazima tuelewe kazi ya plagi hizi. Injini ya dizeli haina cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda mpaka inakuwa na joto la kutosha kuwasha mafuta yanapopulizwa na nozeli. Katika gari dogo la aina tunayoizungumzia, hewa hubanwa kiasi cha mara 20 hadi 22, na joto lake hupita nyuzi 500. Lakini injini ikiwa baridi, chuma cha silinda hunyonya joto hilo. Injini nyingi za magari haya ya zamani zina chumba kidogo pembeni ya silinda ambamo mwako huanzia, na kuta za chumba hicho ndizo zinazoiba joto zaidi. Kwa hiyo kila chumba huwekewa plagi ya hita, ambayo ncha yake huwa nyekundu kwa umeme wa betri na kufikia nyuzi 800 au zaidi. Mwinuko nao huongeza taabu, kwa maana hewa ya mlimani ni nyepesi, na hewa nyepesi ikibanwa haitoi nguvu ile ile. Gari lenye plagi mbovu linaweza kufanya kazi Mombasa au Dar es Salaam kwa muda mrefu bila mtu kujua. Lipeleke Kabale, Njombe au Limuru, nalo litasema lenyewe.

Sasa, gari likikataa, usikimbilie spana. Angalia kwanza ekzosi wakati mwenzako anapiga stata. Moshi mweupe mzito ukitoka, ina maana mafuta yanafika lakini hayawaki: hapo kuna haki ya kushuku plagi, ingawa injini iliyochoka au pampu iliyotegwa vibaya hutoa moshi wa namna hiyo pia. Kama hakuna moshi kabisa, mafuta hayafiki, na utazipima plagi mpaka jioni bila faida. Kama stata inazunguka kwa uvivu, shughulika na betri na nyaya zake nzito. Na kama gari linawaka lakini linatetemeka dakika ya kwanza, likitoa moshi mweupe, kisha linatulia, basi huenda plagi moja au mbili zimekufa huku nyingine zikifanya kazi.

Taa ya hita kwenye dashibodi isikudanganye. Katika magari mengi taa ile huendeshwa na taima peke yake. Huwaka na kuzimika kwa wakati wake hata kama plagi zote nne zimekufa. Yule dereva wa Kabale alikuwa akisubiri taa izimike kila asubuhi, kama alivyofundishwa, na kwa hilo hakuwa na kosa.

Njia ya umeme wenyewe ni fupi. Unatoka chanya ya betri, unapita fyuzi kubwa, unaingia kwenye rilei, unatoka kwa waya mnene hadi kwenye bamba dogo linalounganisha vichwa vya plagi zote, unapita ndani ya kila plagi, unaingia kwenye silinda hedi kwa nyuzi za plagi, na kurudi hasi ya betri kwa waya wa ethi. Taima ndiyo inayoiamuru rilei. Ubaya unaweza kuwa popote katika njia hiyo, na plagi ni kituo kimoja tu.

Mafundi wengi hutumia taa ya kupimia, yaani globu ndogo yenye waya miwili. Wanachomoa waya kwenye bamba, wanagusisha taa, taa inawaka vizuri, wanasema umeme upo, kwa hiyo plagi ndizo mbovu. Hapa ndipo kosa lilipo, na tunaomba msomaji atuvumilie kwa hesabu kidogo, kwani bila hesabu hii somo zima halina maana.

Chukua plagi nne za volti 12, kila moja ikiwa na ukinzani wa omu 0.8. Kila plagi itavuta ampea 15, zote nne ampea 60. Sasa tuseme mahali fulani njiani kuna kiungo chenye kutu, na ukinzani wake ni omu 0.05 tu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni. Plagi nne kwa pamoja ni omu 0.2. Ongeza 0.05, unapata 0.25, kwa hiyo umeme unashuka hadi ampea 48. Kutu ile inakula volti 2.4, na plagi zinabakiwa na volti 9.6. Nguvu ya joto hufuata mraba wa volti, kwa hiyo plagi zinatoa asilimia 64 tu ya joto lake. Lakini ukichomoa waya na kuweka taa ya wati 5, taa hiyo inavuta chini ya nusu ampea, na kutu inakula volti 0.02 tu. Taa inang'aa kama kawaida, na mpimaji anaamini njia ni safi.

Kwa hiyo pima wakati plagi zinafanya kazi, kila kitu kikiwa kimefungwa mahali pake. Injini iwe baridi, kwa sababu taima nyingi hupokea habari kutoka kwenye kipima joto cha maji, na injini ikiwa na moto hazitoi umeme kabisa. Mwenzako afungue ufunguo mpaka hatua ya hita. Weka mita kwenye betri, kisha upesi kati ya bamba na hasi ya betri. Tofauti kati ya vipimo hivi viwili ndiyo hasara ya njia upande wa chanya. Hasara ya nusu volti au zaidi kidogo ni ya kawaida. Ikizidi volti moja, itafute: weka ncha moja ya mita mwanzo wa kipande cha njia na ya pili mwisho wake, kipande kwa kipande. Mahali penye volti nyingi ndipo penye ubaya. Usisahau upande wa ethi: pima kati ya silinda hedi na hasi ya betri kwa namna hiyo hiyo.

Rilei ikilia "tik", hiyo ni dalili kwamba sumaku yake imevuta. Haithibitishi kwamba umeme mkubwa unapita. Ndani yake kuna vidonge viwili vinavyogusana, na vidonge vikiungua, rilei italia kila asubuhi bila kupitisha kitu cha maana. Kwenye rilei nyingi namba zimeandikwa: 85 na 86 ni za sumaku, 30 ni umeme unaoingia, 87 ni unaotoka. Pima kati ya 30 na 87 wakati plagi zinavuta. Ukiona sehemu ndogo ya volti, iache. Ukiona volti mbili au tatu, rilei imekufa ingawa inasema. Ukiona volti zote za betri na rilei haikulia, basi tazama kama 85 na 86 zinapata amri. Hapo mashaka yanahamia kwenye taima, fyuzi ndogo au ufunguo wenyewe.

Plagi zenyewe hupimwa moja moja, na lazima uondoe bamba kwanza, la sivyo nzima zitaificha mbovu. Mita ya omu ionyeshe kiasi cha nusu omu hadi omu moja na ushei. Ikionyesha kwamba njia imekatika, plagi imekufa. Kipimo bora ni mita ya ampea: plagi nzima ya volti 12 huvuta nyingi mwanzoni, kisha hutulia kwenye kumi na kitu. Linganisha zote, na ile inayovuta kidogo sana kuliko wenzake, ibadili. Asiye na mita hizi achukue globu ya wati 21, mguu mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kichwa cha plagi. Isipowaka, plagi imekatika. Ikiwaka, umejua tu kwamba haijakatika, hujajua kama inapata moto. Ile desturi ya kugusisha waya mtupu juu ya betri ili kuona cheche iachwe. Betri inayochajiwa hutoa gesi inayolipuka, na waliopata tindikali usoni wamo katika chama chetu.

Kuna magari mawili ya kutahadhari nayo. Mercedes-Benz za dizeli za miaka ya 1970 na kabla yake zilifungwa plagi za waya uliojikunja, zilizounganishwa mfululizo: moja ikikatika, zote zinazimika. Halafu kuna magari yenye plagi za volti 6 au pungufu, ambazo hupewa volti 12 kwa sekunde chache tu kisha umeme hupunguzwa. Volti huandikwa kwenye mwili wa plagi. Isome kabla ya kuiunganisha na betri, maana plagi ya volti 6 ukiipa 12 kwa muda mrefu utaiua wewe mwenyewe, kisha utaandika kwamba umeikuta mbovu.

Ukikuta plagi zote zimeungua pamoja, ncha zimevimba au zimeyeyuka, usitie mpya siku hiyo. Huenda rilei imenasa na umeme hauzimiki gari likitembea, au altaneta inazidisha chaji. Ncha moja tu ikiwa imeliwa, angalia nozeli ya silinda hiyo.

Kuhusu kufungua: injini iwe na uvuguvugu, tia mafuta ya kulegeza kutu, na ikigoma rudisha mbele na nyuma. Plagi ikikatikia ndani, silinda hedi itashuka, na hiyo ni hasara ya wiki nzima.

Na ile etha ya kopo inayopulizwa kwenye njia ya hewa? Kwenye injini yenye plagi za hita zinazowaka ni hatari kubwa. Hulipuka kabla ya wakati, huvunja pistoni, na moto unaweza kumrudia mpulizaji usoni. Mwajiri akikuamuru kuitumia, una haki ya kukataa na kuliarifu tawi.

Sasa turudi Kabale. Tulipima gari lile alfajiri, plagi mpya zikiwa ndani. Kwenye betri, wakati wa hita, kulikuwa na volti 11.8. Kwenye bamba, 8.6. Volti 3.2 zilikuwa zimepotea njiani, na plagi zilikuwa zikipata karibu nusu tu ya nguvu yake. Rilei ilikula 0.3. Volti 2.6 zilikuwa kwenye kichwa cha waya mnene pale unapofungwa kwenye bamba: juu palionekana safi, lakini chini ya plastiki shaba ilikuwa imegeuka kijani na nyuzi chache tu ndizo zilizokuwa zimeshika. Tulikata kipande hicho, tukabana kichwa kipya na kukilehemu. Bamba likapanda hadi volti 11.2, na gari likawaka kwa mkupuo wa kwanza. Zile plagi za zamani, ambazo kwa bahati fundi hakuwa amezitupa, tulizipima juu ya meza: tatu nzima, moja imekufa.

Vipimo vyote viliandikwa kwenye karatasi moja, pamoja na tarehe, saa na namba ya gari, vikatiwa sahihi na fundi na dereva, na tawi likaipeleka kwa mwajiri pamoja na kile kipande cha waya. Bei ya plagi tatu imerudishwa. Ile ya nne dereva anadaiwa bado, ingawa plagi huchakaa kwa kazi kama tairi, na shauri la stata litasikilizwa mwezi ujao. Kipande cha waya tumekiomba kirudi, kwa sababu tunakihitaji siku hiyo.