Kwenda Kutazama Samaki Pamoja na Watoto

Leo tuzungumze juu ya matembezi ya familia. Labda mtauliza: je, hilo nalo ni somo la ndoa? Ni somo, tena si dogo. Wapo wanaopatana vizuri nyumbani, lakini siku ya matembezi hurudi wamenuniana.

Katika miji mikubwa ya ng'ambo watu hulipa kuingia akwaria, yaani jumba lenye matangi makubwa ya kioo, wakatazame samaki wa baharini. Sisi wa Likoni, Kisauni na Changamwe tunayo bahari yenyewe. Mbele ya Nyali na Bamburi kuna hifadhi ya bahari iliyotengwa mwaka 1986, nayo husimamiwa na shirika la wanyamapori, KWS. Boti zenye kioo sakafuni huwapeleka watu hadi kwenye matumbawe, na mtoto akiinama huwaona pono na kangaja wakipita chini ya miguu yake. Ulizeni bei kabla ya kupanda. Asiye na fedha za boti asihuzunike. Maji yakipwa, madimbwi hubaki miambani, Bamburi na hata Shelly kule Likoni, na ndani yake mna kaa, jongoo bahari, kiti cha pweza na visamaki vidogo.

Lakini jueni saa za maji. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hupwa sana, na kwetu hupwa kwenye saa nne au saa tano asubuhi. Kila siku ipitayo huchelewa kama dakika 50. Basi Jumapili ya bamvua nendeni Misa ya kwanza, kisha mteremke ufuoni. Yakianza kujaa, ondokeni; bahari haimngoji mtoto amalize kutazama.

Sasa tuje kwenye ndoa. Mama ameamka alfajiri, amepika mahamri, amewaogesha watoto, amebeba kikapu na mdogo yuko mgongoni. Baba anatangulia mikono mitupu. Wakifika, baba anakutana na rafiki zake, anaketi kivulini. Mama anabaki na watoto watatu na mikono miwili, penye maji. Jioni baba anajisifu kwamba ameitembeza familia. Mama hasemi neno, na kimya hicho wanaingia nacho chumbani.

Katika wosia wake Familiaris Consortio wa mwaka 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alifundisha kwamba baba anashiriki na mkewe kazi ya kuwalea watoto. Kuleta nauli ni sehemu tu ya kazi hiyo.

Kwa hiyo usiku wa kuamkia safari, ketini wawili. Kubalianeni fedha mtakazotumia, hata soda ngapi, ili msibishane mbele ya watoto. Kisha gaweni watoto kwa majina: huyu ni wangu, yule ni wako. Mkisema "tutawaangalia sote", kila mmoja atadhani mwenzake anaangalia, na mtoto mdogo huweza kuzama hata katika maji ya magotini. Wavisheni viatu vya raba, maana miamba hukata.

Mkifika, msiwakimbize. Mtoto wa miaka mitatu anaweza kumpita pweza asimjali, akachuchumaa nusu saa mbele ya kaa mmoja. Mwacheni. Baba, chuchumaa naye, umwambie kwamba siku ya tano Mungu aliumba vyote viogeleavyo majini, na huyu kaa naye yumo. Asing'oe wala kuchukua kitu. Ndani ya hifadhi kuokota makombe na matumbawe kumekatazwa. Halafu chukua watoto wote kwa muda, mama naye aketi au atazame atakacho bila kuitwaitwa. Wanaume wengi hawajawahi kufanya hivyo hata mara moja.

Usiku, watoto wakishalala, ulizaneni bila ukali: Leo ulichoshwa na nini? Ni wakati gani ulijiona uko peke yako? Je, ni kitu gani mtoto wetu alikiona ambacho mimi sikukiona? Anayejibu aachwe amalize.