Liste ya wamemba imefutika: tufanye nini?



Koperative zingine zinachunga liste ya wamemba na deni za mbolea mu ordinateri ya Linux. Sekretere akifuta ile fishie bila kutaka, mbele ya mvula za Novemba, nani atajua mwenye amekwisha kulipa na mwenye bado? Hapo njo ugomvi unaanza.

Mujue kwanza: ukifuta fishie, maandishi hayaondoki palepale. Ni sawa vile shamba ambalo jina la mwenyewe limefutwa mu kitabu: mahindi yangali yamesimama. Yatapotea siku mwengine atalima pale. Kwa hiyo tufuate hatua hizi.

1. Simama. Kama fishie ingali wazi mu LibreOffice, hapana kuifunga: iandike kwa jina jingine ku kle USB. Kisha usiandike kitu, usiingie ku intaneti, usiweke programu mpya ku diski ile.

2. Tazama mu Corbeille, kile kitunga cha takataka. Kama ulifuta ku kle, ingiza ile kle, bonyeza Ctrl na H pamoja. Folda yenye kufichwa itaonekana, jina lake linaanza na .Trash. Tafuta mule.

3. Kama haimo, zima ordinateri. Fishie iliyofutwa kwa Shift na Suppr, ao kwa komandi rm, haipitii mu Corbeille. Ipeleke kwa fundi mjini Lubumbashi, umwombe awashe Linux toka kle nyingine, atumie PhotoRec. Programu hiyo, ya Christophe Grenier, ni ya bure, inakuja pamoja na TestDisk. Vyenye itapata viandikwe ku diski nyingine, hapana ku ileile. Majina ya fishie yatakuwa yamepotea. Mutafungua moja moja.

4. Kama diski ni SSD, enda mbio. Ubuntu inasafisha nafasi zilizofutwa kila juma, na kisha pale kurudisha ni kugumu sana.

Dawa yenyewe ni kopia. Kisha kila mkutano, andika liste ku kle mbili: moja ibaki kwa sekretere, ingine kwa mtunza-feza, nyumba mbalimbali. Na daftari ya karatasi isitupwe.

Ulizo la mkutano ujao: liste yetu ikifutika leo, kopia iko kwa nani, na ni ya tarehe gani?