Ngome Juu ya Mwamba wa Lindos

SABATO ALASIRI

Soma kwa Ajili ya Somo la Juma Hili: Obadia 1:1–4, Yeremia 2:13, Mathayo 5:45, Danieli 2:31–45, Mithali 18:10, 11, Matendo 20:22–24, 21:1, 27–40, 23:10–24.

Fungu la Kukariri: Mithali 18:10. Lisome katika Biblia yako na ulirudie kila siku juma hili mpaka uweze kulisema bila kutazama.

Katika safari yake ya kwenda Yerusalemu, mtume Paulo alipita Rodo, kisiwa cha Wayunani ambacho katika ramani za leo huandikwa Rhodes. Luka anakitaja kwa neno moja tu, kisha safari inaendelea hadi Patara. Upande wa mashariki wa kisiwa hicho kuna kijiji kiitwacho Lindos, na juu ya kijiji unasimama mwamba wenye kimo cha mita 116 kutoka usawa wa bahari. Juu ya mwamba huo kuna magofu ya ngome.

Juma hili nasi tutapanda kuyaona, tukiwa na swali moja: mtu akiogopa, hukimbilia wapi? Kila jiwe la Lindos liliwekwa na watu waliokuwa na jibu lao kwa swali hilo. Nasi tunalo letu, hata kama hatujawahi kulisema kwa sauti.

Jifunze somo la juma hili kwa maandalizi ya Sabato.

JUMAPILI
Kupanda Lindos

Magari huachwa nje ya kijiji. Wageni hupita kwa miguu, au kwa kukodi punda, katika vichochoro vyembamba kati ya nyumba zilizopakwa chokaa nyeupe. Kisha huanza ngazi. Chini ya ngazi iendayo kwenye lango la ngome, ubavuni mwa mwamba, kuna nyuma ya merikebu ya kivita iliyochongwa katika jiwe karibu mwaka 180 K.K. Juu yake ilisimama sanamu ya jemadari wa majini aliyeheshimiwa na watu wa mji. Merikebu ingalipo, sanamu ya jemadari haipo.

Ukipita lango la ngome, unakuta kuta nene zenye matundu ya kutazamia adui, kanisa lililobomoka, safu za nguzo, ngazi pana, na mwisho kabisa, ukingoni mwa genge, mabaki ya hekalu la Athena. Mahali hapa ni rahisi kuelewa kwa nini watu walipachagua. Pande nyingi mwamba umekatika wima hadi chini. Anayekuja kwa bahari huonekana akiwa bado mbali. Mlinzi aliyesimama hapo alijiona yuko juu ya kila mtu.

Soma Obadia 1:1–4. Edomu waliishi katika nchi ya namna gani, na mahali hapo paliwafanyia nini mioyoni?

Nabii hasemi kwamba kuishi juu ya mwamba ni dhambi. Anasema kwamba kimo cha nchi yao kiliwadanganya. Walianza kudhani kwamba hakuna awezaye kuwashusha, kana kwamba Mungu naye angehitaji ngazi ili kuwafikia.

Ni jambo gani katika maisha yako, pengine zuri lenyewe, linalokufanya ujione kwamba hakuna awezaye kukufikia?

JUMATATU
Ngome Yenye Kiu

Mwaka 1904 wachimbaji wa mambo ya kale kutoka Denmark walivumbua Lindos bamba la jiwe lenye maandishi ya mwaka 99 K.K. Jiwe hilo sasa liko Copenhagen. Linaorodhesha zawadi zilizopelekwa kwa Athena, na pia nyakati ambazo watu waliamini kwamba mungu huyo aliwatokea na kuwasaidia.

Habari mojawapo ni ya wakati Waajemi walipokizingira kisiwa. Watu walikimbilia juu ya mwamba. Kuta zilikuwa imara, lakini maji yalikuwa yakiisha. Hii ndiyo siri ya kila ngome ya juu: adui halazimiki kuipanda. Akikaa chini na kungoja, kiu itamfanyia kazi. Jiwe lasimulia kwamba Athena alimtokea kiongozi mmoja katika ndoto na kumtia moyo, kisha mvua ikanyesha juu ya waliozingirwa, huku Waajemi wakibaki bila maji.

Soma Yeremia 2:13 na Mathayo 5:45. Mafungu haya yanatusaidiaje kuielewa habari hii?

Hatuna sababu ya kuwacheka watu wa Lindos. Waliogopa, waliomba, wakaona mvua, wakashukuru kadiri ya nuru waliyokuwa nayo. Yesu anafundisha kwamba Baba huwanyeshea mvua hata wasiomjua. Basi kupata mvua peke yake si ushahidi kwamba tunayemshukuru ndiye aliyeinyesha. Wengi hupata kazi, hupona, hufaulu mitihani, kisha shukrani yote huenda kwa akili zao, kwa ndugu mwenye cheo, au kwa hirizi.

Yeremia asema kwamba birika lililopasuka haliwezi kuweka maji. Siku ya mvua laweza kuonekana limejaa. Ufa huonekana wakati wa kiangazi. Kwa hiyo imani hupimwa vizuri zaidi wakati birika ni tupu na chemchemi peke yake ndiyo inayoendelea kutoa maji.

JUMANNE
Tabaka Juu ya Tabaka

Soma Danieli 2:31–45. Sanamu ilipigwa wapi, na kwa jiwe la namna gani?

Mchongaji maarufu Chares alikuwa mtu wa Lindos. Baada ya mji wa Rodo kuokoka mazingirwa ya miaka ya 305 na 304 K.K., wenyeji waliuza zana za vita zilizoachwa na adui, na kwa fedha hizo Chares akawatengenezea sanamu ya shaba ya mungu wa jua, yenye kimo cha mita 30 na zaidi. Ilihesabiwa miongoni mwa maajabu saba ya dunia. Tetemeko la mwaka 226 K.K. liliivunja magotini. Paulo alipopita, sanamu hiyo ya kumbukumbu ya usalama ilikuwa imelala chini kwa karibu miaka 300.

Mwamba wa Lindos nao unasimulia vivyo hivyo. Wayunani walijenga hekalu. Rumi ikatawala. Dola ya Bizanti ikajenga ngome. Mwanzoni mwa karne ya 14, wanajeshi watawa wa Shirika la Mtakatifu Yohana, waliokuwa wamefukuzwa kutoka nchi takatifu, wakakitwaa kisiwa na kuijenga ngome upya juu ya misingi ya waliotangulia. Mwaka 1522 jeshi la Sultani Suleiman liliuzingira mji wa Rodo kwa miezi kadhaa, na tarehe 1 Januari 1523 watawa hao wakapanda merikebu na kuondoka. Waturuki walikaa mpaka 1912, wakaja Waitalia, na baada ya Vita Kuu ya Pili kisiwa kikawa sehemu ya nchi ya Ugiriki.

Kila aliyefika alidhani kwamba mwenzake aliyemtangulia alishindwa kwa sababu hakujenga vizuri. Hivyo akaongeza ukuta. Danieli alionyeshwa kwamba kosa haliko katika unene wa ukuta. Falme zote zinapita, na jiwe litakalodumu halikuchongwa kwa mkono wa mtu.

JUMATANO
Ukuta wa Mawazoni

Soma Mithali 18:10 na 11 kwa pamoja. Ni ngome zipi mbili zinazotajwa, na kila moja iko wapi?

Mara nyingi tunalikariri fungu la kumi na kuliacha la kumi na moja, lakini mwenye hekima aliyaweka kama nyumba mbili zinazotazamana. Katika Kiebrania, neno linaloeleza usalama wa mwenye haki na neno linaloeleza urefu wa ukuta wa tajiri yanatoka katika shina moja, lenye maana ya kuwa juu, mahali pasipofikika. Wote wawili wanatafuta kitu kilekile. Wote wanataka kuwa juu ya hatari.

Tofauti ni mbili. Kwanza, urefu wa ukuta wa tajiri umo katika mawazo yake. Pesa zipo kweli, lakini uwezo anaodhani zinao haupo. Pili, angalia kitendo cha mwenye haki: anakimbia kuingia. Ngome ilikwisha kuwapo kabla hajafika. Hakuijenga kwa haki yake, wala hakuongeza tofali.

Kuweka akiba ni busara, na kufunga mlango usiku ni busara. Hatari inaanza pale tunapolala kwa amani kwa sababu ya kufuli. Leo wapo wazazi waliojenga ukuta wa elimu kuwazunguka watoto wao, na wapo waliopandikiza vipande vya chupa juu ya ukuta wa nyumba, lakini ugonjwa ukaingia kwa mlango wa mbele. Hata ushirika wa kanisa waweza kugeuzwa kuwa ukuta, tukidhani kwamba jina letu katika kitabu cha washiriki linatosha bila kulikimbilia Jina la Bwana.

Ukipoteza leo kitu kimoja, ni kipi kingekufanya useme, “Sasa nimekwisha”? Jibu lako lakuonyesha ukuta wako.

ALHAMISI
Mtu Aliyepita Chini ya Ngome

Soma Matendo 20:22–24, 21:1, 27–40. Paulo alijua nini kuhusu mwisho wa safari yake?

Mapokeo ya wenyeji husema kwamba Paulo alitua katika ghuba ndogo chini ya mwamba wa Lindos, ambayo hata leo inaitwa kwa jina lake. Luka hataji Lindos. Anachotuambia kwa hakika ni kwamba mtu huyu alipita Rodo akijua kuwa vifungo vinamngoja. Angeweza kubaki katika kisiwa chochote. Akaendelea.

Angalia jinsi sura ya 21 inavyoanza na kumalizika. Inaanza na jahazi linalopita kisiwani, inamalizika na Paulo amesimama kwenye madaraja ya ngome ya Yerusalemu, amefungwa minyororo, akiomba nafasi ya kusema na watu waliotaka kumwua. Sasa yumo ngomeni kweli, ngome ya Warumi karibu na hekalu.

Soma Matendo 23:10–24. Ni nani aliyesimama karibu na Paulo usiku ule, na kuta za ngome zilimfaa kwa muda gani?

Kuta zilimwokoa na ghasia ya siku moja, na Mungu alizitumia. Lakini kulipokucha, watu zaidi ya arobaini walikuwa wamekula kiapo, na ili aokoke ilibidi atolewe ngomeni usiku. Ahadi aliyopewa na Bwana haikuwa ya kufunguliwa. Alikaa kifungoni Kaisaria miaka miwili (Matendo 24:27). Ahadi ilikuwa kwamba ushuhuda wake utafika Rumi. Ngome ile ilibomolewa mwaka 70 B.K. Neno aliloambiwa Paulo ndani yake lilitimia.

Huenda wewe nawe uliomba ukinge jambo, nalo likaja. Kulikimbilia jina la Bwana si kupewa hakikisho kwamba hakuna mshale utakaotufikia. Ni kuwa na Yeye asimamaye karibu usiku, naye hawezi kuzingirwa.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi ya 46 yote. Tia alama mahali panapotaja milima, mataifa na mto, kisha ulinganishe na yale uliyojifunza juu ya mwamba wa Lindos.

Maswali ya Kujadili:

1. Watu wa Lindos waliandika ushuhuda wao wa mvua katika jiwe. Tunawezaje kutoa shuhuda kanisani kwa namna inayowaelekeza watu kwa Mungu mwenyewe, na si kwa mvua tu?

2. Ndugu mmoja anasema, “Nikiweka akiba nitakuwa simtegemei Mungu.” Mwingine anasema, “Mungu husaidia, lakini salama yangu ni kiwanja na akiba.” Mngewajibu nini wote wawili?

3. Kwa nini ni faraja kwamba Biblia haikuficha miaka miwili ya kifungo cha Paulo?

4. Katika darasa lenu, yupo nani ambaye ukuta wake umeanguka juma hili? Kabla ya kufunga kipindi, kubalianeni ni nani atakayekwenda kusimama karibu naye.